Matokeo ya kolesteroli: kabla ya kununua dawa, rudi kwa daktari



Zamani mshiriki aliyetoka maabara alituletea habari ya malaria, ya tifoidi au ya upungufu wa damu. Siku hizi tunaletewa pia karatasi ya namna nyingine, na juu yake limeandikwa neno kolesteroli. Wanaoileta ni watu wa miaka arobaini na kuendelea: mwalimu, mama wa soko, dereva wa lori, hata mtumishi wa Mungu mwenzetu. Kuna tarakimu yenye nyota kando yake, na nyota hiyo imewanyima usingizi. Mmoja amefukuza mafuta yote jikoni hata watoto wananung'unika. Mwingine amenunua vidonge bila kuandikiwa na mtu. Mwingine anaomba tufunge naye siku tatu. Na karibu wote hawajarudi kwa daktari aliyeagiza kipimo hicho.

Tunaandika kwa sababu ya hilo la mwisho. Sisi ni wachungaji, tulisoma theolojia, na hatutaki kuchukua kiti cha daktari. Lakini tunaishi na watu wenye karatasi hizi, tunawazika wengine waliopatwa na kiharusi wakiwa na miaka hamsini, na tumeona kwamba shida kubwa iko katika yale mazungumzo yasiyofanyika. Mtu analipa kipimo, anapewa karatasi dirishani, anakwenda nyumbani. Kazi iliyobaki anaachiwa jirani, redio na muuzaji wa majani.

Kolesteroli ni nini

Kolesteroli si sumu. Ni mafuta ambayo mwili wenyewe unayatengeneza, hasa katika ini, na bila hayo chembe za mwili haziwezi kujengwa. Sehemu nyingine, iliyo ndogo zaidi, inatoka kwenye chakula cha wanyama. Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji, ndani ya damu yanabebwa kama mzigo ndani ya magari. Gari moja linaitwa LDL: linatoa mzigo kwenye ini na kuupeleka mwilini, na likiwa na wenzake wengi mno mzigo unamwagika kwenye kuta za mishipa na kuganda pale. Gari lingine, HDL, linaokota mzigo uliobaki na kuurudisha kwenye ini. Ndiyo maana watu wanasema kolesteroli mbaya na kolesteroli nzuri. Trigliseridi ni mafuta ya aina nyingine, yanayopanda hasa kwa sukari nyingi, kwa pombe (na lotoko imo ndani), kwa unene na kwa kisukari kisichotunzwa.

Mshipa unaweza kuziba polepole kwa miaka ishirini na mwenye mwili asisikie kitu. Hili tulisisitize, kwa maana tunasikia mara nyingi: «Mchungaji, kolesteroli yangu imepanda, nasikia mwili unawaka.» Kolesteroli haiwashi mwili. Haileti kizunguzungu wala kuumwa kichwa. Kama unasikia hayo, mwambie daktari, kwa sababu huenda kuna ugonjwa mwingine unaojificha nyuma ya karatasi hiyo. Na kama husikii kitu chochote, usidhani karatasi inasema uongo.

Damu moja, karatasi tatu

Kuna jambo linalotusumbua sisi wa Ituri kwa sababu tunatibiwa pande mbili za mpaka. Maabara inayofuata desturi ya Kifaransa huandika kolesteroli kwa gramu katika lita ya damu. Nyingine inatumia miligramu katika desilita. Aliyekwenda Kampala, kwa njia ya Mahagi au kwa kuvuka Ziwa Albert, anaweza kurudi na karatasi yenye milimoli katika lita. Basi mtu mmoja anaweza kuwa na karatasi tatu: ya kwanza inasema 2,40, ya pili 240, ya tatu 6,2. Zote tatu zinasema kitu kile kile. Asiyejua atashukuru kwamba imeshuka kutoka 240 mpaka 6,2 na ataacha dawa; mwingine atalia kwamba imepanda kutoka 2,40 mpaka 6,2 na atameza vidonge mara mbili. Kwa trigliseridi hesabu ni tofauti: gramu 1,50 ni sawa na miligramu 150, na ni sawa na milimoli 1,7. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha karatasi ya mwaka jana na ya mwaka huu, tazama herufi ndogo zilizoandikwa kando ya tarakimu. Ukishindwa, swali la kwanza kwa daktari ni hilo, na si swali la kijinga.

Swali la pili linahusu siku uliyopimwa. Malaria au homa kali inaweza kuvuruga matokeo: mara nyingi kolesteroli inashuka na trigliseridi zinapanda mpaka mwili utakapopona. Mimba inapandisha yote mawili. Kwa hiyo kama ulipimwa ukiwa umelazwa na malaria, mwambie daktari, naye anaweza kukuomba urudie kipimo baada ya majuma kadhaa. Kuhusu kukaa na njaa: watu wengi wanaamini kwamba bila kufunga usiku mzima kipimo ni bure. Kwa kolesteroli yenyewe chakula cha asubuhi kinabadilisha kidogo tu. Ni trigliseridi ndizo zinazopanda baada ya kula. Fuata alichokuagiza daktari, lakini kama ulikunywa chai kwa kusahau, usiseme uongo dirishani. Sema ulikunywa chai.

Tena tazama kama karatasi ina tarakimu moja tu. Kolesteroli ya jumla peke yake inaweza kudanganya. Watu wawili wana 2,30 ya jumla. Mmoja ana HDL ya 0,80, mwingine ana 0,35. Ondoa HDL kwenye jumla: wa kwanza anabaki na 1,50, wa pili na 1,95. Huyu wa pili ana mzigo mbaya mwingi zaidi, ingawa maabara iliwapa jumla moja. Pale ambapo pesa inatosha kwa kipimo kimoja tu, daktari atafanya kazi na kile kilichopo. Lakini ukiweza, uliza: «Dokta, HDL yangu iko wapi?»

Usiulize kolesteroli peke yake, uliza hatari yote

Hapa ndipo tungependa msomaji akae muda mrefu.

Tuwaweke watu wawili mbele yetu. Wa kwanza ni mama wa miaka 42. Havuti sigara, hana kisukari, presha yake (au «tansio» kama tunavyosema hapa) ni 12 juu ya 8. Kolesteroli yake ni 2,45, na maabara imeweka nyota. Wa pili ni baba wa miaka 63. Anavuta, ana kisukari, tansio yake ni 17 juu ya 10. Kolesteroli yake ni 1,95, hakuna nyota. Nani alale bila usingizi? Karatasi inasema mama. Ukweli ni baba, tena kwa mbali sana. Kolesteroli ni mlango mmoja wa nyumba yenye milango mitano: umri, tumbaku, presha, kisukari na kolesteroli. Mwizi anapita penye mlango ulio wazi.

Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa mwaka 2019 majedwali mapya ya kupima hatari hiyo, na yapo yaliyotengenezwa kwa ajili ya ukanda wetu wa Afrika ya Kati, Kongo ikiwemo. Daktari au muuguzi anatafuta umri wako (kati ya miaka 40 na 74), kama ni mwanamume au mwanamke, kama unavuta, kama una kisukari, presha ya juu na kolesteroli ya jumla. Mistari inapokutana, anapata kisanduku chenye rangi. Kijani maana yake hatari ya kupatwa na shambulio la moyo au kiharusi katika miaka kumi ijayo iko chini ya watu 5 kwa 100. Njano ni 5 mpaka chini ya 10, rangi ya chungwa ni 10 mpaka chini ya 20, nyekundu inaanzia 20, na nyekundu iliyokolea inaanzia 30. Jambo la kupendeza kwa vituo vyetu vya vijijini ni kwamba kuna jedwali jingine lisilohitaji damu kabisa: mahali pa kolesteroli linatumia uzito na urefu. Kwa hiyo hata muuguzi aliye mbali na maabara, mwenye mzani na mashine ya presha, anaweza kuanza kazi.

Mazungumzo yenyewe yanaweza kwenda hivi:

– Dokta, wameniandikia 2,45. Nitapatwa na AVC kama marehemu shangazi?
– Mama, keti kwanza. Shangazi alipatwa akiwa na miaka mingapi?
– Sabini na kitu. Alikuwa na tansio, alikuwa anakataa vidonge.
– Na wewe tansio yako tumepima mara tatu, ni nzuri. Kisukari hakuna. Nikitazama jedwali hili uko kwenye kijani. Leo sikuandikii dawa. Tutazungumza juu ya chakula na kutembea, na tutapima tena mwakani.
– Kwa hiyo sina ugonjwa?
– Una kitu cha kuangalia. Dawa siyo kazi ya leo.

Mama huyo alikuwa tayari kuuza mbuzi. Mbuzi wake amebaki. Na yule baba wa miaka 63, ambaye karatasi yake haina nyota, daktari yule yule atampa dawa ya presha, atamwambia kuhusu tumbaku, na huenda atamwandikia dawa ya kolesteroli pia, kwa sababu mwenye kisukari aliyepita miaka arobaini anaweza kupata faida hata kama kolesteroli yake si ya kutisha. Kwa macho ya jirani inaonekana kama upendeleo au makosa. Si makosa.

Kuna watu ambao hawahitaji jedwali. Aliyekwisha kupatwa na shambulio la moyo au kiharusi cha mshipa kuziba, kwake dawa hii ni ya kudumu, akiwa na 1,60 au 2,60. Na mwenye kolesteroli ya jumla kuanzia milimoli 8, yaani zaidi kidogo ya gramu 3 kwa lita, anatibiwa bila kungoja. Huyo aulizwe pia habari za ukoo: baba, ndugu, mjomba waliokufa ghafula kabla ya miaka hamsini na tano. Kuna kolesteroli ya kurithiwa, na duniani inampata karibu mtu mmoja katika kila 250 au 300. Katika kanisa lenye washiriki elfu moja, hesabu mwenyewe. Mara nyingi kwetu vifo hivyo vinaitwa sumu au uchawi, na familia zinagawanyika juu ya kaburi. Kabla ya kumnyoshea kidole mama mkwe, pimeni damu ya watoto.

Mwisho wa sehemu hii, muulize daktari kama kuna ugonjwa mwingine unaoipandisha. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, figo zinazopoteza protini, kisukari kisichojulikana: hayo yakitibiwa, kolesteroli inaweza kushuka yenyewe.

Dawa inayoandikwa

Dawa za kwanza ni za ukoo wa statini. Mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, alizigundua katika miaka ya 1970 akichunguza ukungu, wa jamaa ya ule uliotupatia penisilini. Ile ya kwanza iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1987, na mwaka 2007 OMS iliweka simvastatini kwenye orodha yake ya dawa za lazima. Leo hataza za zile za kawaida zimekwisha, na viwanda vingi vinazitengeneza bila jina la biashara. Kwa hiyo ukiandikiwa atorvastatini au simvastatini, uliza famasi kwa jina hilo la dawa yenyewe, na linganisha bei mahali pawili au patatu. Boksi lenye jina la kifahari linaweza kuwa na kitu kile kile ndani.

Faida yake ni nini hasa? Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba LDL ikishuka kwa milimoli 1 (karibu gramu 0,39), mashambulio ya moyo na viharusi vinapungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Hiyo sehemu ya tano ndiyo inayoeleza kwa nini daktari alimnyima dawa yule mama na akampa yule baba. Sehemu ya tano ya hatari ndogo ni kitu kidogo, wala haistahili kuuza mbuzi. Sehemu ya tano ya hatari kubwa ni maisha ya mtu. Muulize daktari waziwazi: «Kwangu mimi, dawa hii itapunguza kiasi gani?»

Uliza pia juu ya madhara, bila haya. Wengine wanasikia maumivu ya misuli. Mara nyingi ni madogo, na daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha aina. Lakini misuli ikiuma sana bila sababu na mkojo ukawa mweusi kama chai kali, acha dawa na kimbia hospitali siku hiyo hiyo. (Hapa kwetu mkojo mweusi unafanya watu wafikirie malaria peke yake. Mwambie daktari vyote viwili.) Sukari inaweza kupanda kidogo kwa baadhi ya watu, hasa waliokuwa karibu na kisukari, kwa mwenye hatari kubwa, faida inazidi. Mwanamke mwenye mimba, anayetafuta mimba au anayenyonyesha aseme kabla ya kuandikiwa.

Kisha weka mezani dawa zote unazomeza. Hili ni zito katika jimbo lenye kifua kikuu na VVU. Simvastatini haitakiwi kukutana na dawa za VVU zenye ritonavir. Inapanda sana ndani ya damu na kuharibu misuli. Dolutegravir, ambayo wengi wanatumia sasa, haina ugomvi huo. Rifampisini ya kifua kikuu inadhoofisha statini. Eritromisini na klaritromisini zinafanya kinyume, zinaipandisha. Kuna ndugu wanaoficha dawa zao za VVU hata mbele ya daktari mpya kwa kuogopa maneno. Tunawasihi: kwenye chumba kile funga mlango, sema yote. Tena kuna habari njema kwao. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, wenye watu zaidi ya 7700 wanaoishi na VVU katika nchi 12, Uganda ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba statini iitwayo pitavastatini ilipunguza mashambulio makubwa ya moyo na mishipa kwa karibu theluthi moja, hata kwa watu ambao jedwali lilisema hatari yao si kubwa. Anayetunzwa kwa VVU na amefika miaka 40 ana haki ya kuuliza jambo hili.

Majani, kitunguu saumu, ndimu, chupa za wauzaji wanaopita nyumba kwa nyumba: mwambie daktari hayo pia. Kitunguu saumu ni chakula kizuri, lakini nguvu yake juu ya kolesteroli ni ndogo. Anayekuahidi kwamba chupa moja itasafisha mishipa yote kwa siku saba anatafuta pesa zako.

Mawese

Sasa swali tunaloulizwa zaidi na wamama: je, mawese yaondoke?

Kwanza, maneno «bila kolesteroli» kwenye chupa za mafuta yasikutie moyo wala kukushangaza. Hakuna mafuta ya mmea yaliyo na kolesteroli ya maana, iwe ya mawese, karanga au alizeti. Kinachopandisha LDL ni aina ya mafuta yenyewe, yale yanayogandamana, na karibu nusu ya mawese ni ya aina hiyo. Mawese mekundu yana vitamini A inayolinda macho ya watoto, na hatungependa mama yeyote mwenye watoto wadogo ayatupe kwa sababu ya karatasi ya baba. Ila kuyachemsha mpaka yawe meupe kunaua hiyo vitamini na kuacha mafuta tu. Na sombe inayoogelea kwenye mawese, tunaijua sote, hasa kwenye sherehe. Sombe haina kosa. Pima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kidumu, na siku nyingine pika kwa mafuta ya karanga au alizeti. Mafuta ya kukaangia mandazi yasirudiwe mara kumi.

Maharagi, lenga-lenga, karanga, parachichi ambazo Ituri tunazo mpaka zinaozea chini, samaki wa Tchomia na Kasenyi: hivyo vyote ni rafiki wa mishipa. Mayai tunayoyaogopa mno hayana ubaya huo kwa wengi wetu. Ngozi ya kuku na mafuta ya ng'ombe yana ubaya zaidi. Makayabo yaoshwe vizuri, kwa sababu chumvi inapandisha tansio, na tansio ndiyo mlango ulio wazi katika nyumba nyingi za Bunia. Chakula peke yake kinashusha LDL kwa kiasi, kwa wengi ni kama sehemu moja ya kumi. Kinatosha kwa aliye kwenye kijani. Kwa aliye kwenye nyekundu kinasaidia dawa, hakichukui nafasi yake.

Maombi na vidonge

Tunajua kwamba katika makutaniko mengine mgonjwa anaambiwa atupe vidonge ili aonyeshe imani. Tunasema wazi kwamba hatukubaliani. Isaya alipopelekwa kwa mfalme Hezekia na neno la uponyaji, aliagiza pia tini ziwekwe juu ya jipu. Nabii hakuona kwamba tini zinatukana ahadi ya Mungu. Paulo alisafiri na Luka, ambaye alikuwa tabibu. Na wazee wetu wa imani katika eneo hili walijenga Nyankunde, Oicha, Rethy na Boga: kanisa na hospitali karibu karibu, bila kusikia mgongano.

Statini ina ugumu wake kiroho, tukubali. Dawa ya malaria inakuponya na unashuhudia Jumapili. Statini haikupi ushuhuda. Unaimeza kila usiku, husikii tofauti, na zawadi yake ni jambo ambalo halikutokea. Ndiyo maana watu wanaiacha mwezi wa tatu, wakisema wamepona kwa sababu karatasi ya pili ni nzuri. Karatasi ya pili ni nzuri kwa sababu ya dawa. Kwa aliyeandikiwa dawa ya kudumu, kuiacha kunairudisha kolesteroli pale ilipokuwa katika majuma machache. Anayetaka kuacha, kwa sababu ya pesa, ya maumivu au ya imani, aende amwambie daktari kabla. Mchungaji anayeombwa ushauri aseme hivyo hivyo, na akiweza amsindikize.

Pesa, barabara na daftari

Pesa iongelewe chumbani kwa daktari, siyo mlangoni. «Dokta, naweza kulipa kiasi hiki kwa mwezi, siyo zaidi. Kama dawa ni tatu, ipi ianze?» Daktari mzuri hatakasirika. Mara nyingi atajibu kwamba ya presha ianze, kwa kuwa ni ya bei nafuu na inalinda sana, kisha statini. Ni afadhali kujua hivyo kuliko kununua zote tatu mwezi wa kwanza na kukosa zote mwezi wa pili. Uliza pia tarehe ya kurudi: kwa kawaida damu inapimwa tena baada ya majuma 6 mpaka 12 tangu kuanza statini, kisha mara moja kwa mwaka kama mambo yametulia. Huna haja ya kupima kila mwezi. Pesa hiyo inunue dawa. Simvastatini inamezwa jioni. Atorvastatini saa yoyote, ila iwe saa ile ile.

Nunua kwenye famasi inayojulikana, vidonge vikiwa ndani ya boksi lake, usisahau tarehe ya kuisha. Vidonge vilivyokaa juani kwenye meza ya sokoni hujui ni nini tena.

Na kuna hali yetu. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, na barabara za Djugu, Irumu na Mambasa zinafungwa bila kutuarifu. Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa, watu wengi wakauawa, hospitali ikaporwa, na wafanyakazi na wagonjwa wakakimbia kwa miguu mpaka Oicha. Faili iliyobaki kwenye kabati ya hospitali haikimbii na mwenyewe. Kwa hiyo andika katika daftari ndogo jina la kila dawa, miligramu zake, saa ya kuimeza, tansio ya mwisho, na kolesteroli pamoja na herufi za kipimo chake, g/l, mg/dl au mmol/l. Bandika karatasi ya maabara ndani yake. Wenye simu wapige picha kurasa hizo na kumtumia mtoto aliye mbali, Beni, Kisangani au Kampala. Mwombe daktari akuandikie dawa za miezi miwili wakati barabara iko wazi, ili boksi la kwanza likikaribia kuisha la pili liwe tayari mfukoni. Daftari hiyo ikae kwenye mfuko ule ule wenye kadi ya uchaguzi na Biblia, ule unaoushika kwanza usiku unaposikia risasi.